Nani Alimtuma Mamba?

Wengi wenu mnaosoma jarida hili mnanifahamu. Mimi ndiye yule dada wa Jumamosi pale kituo cha vijana, mwenye mfuko wa vizibo vya soda. Mara zilizopita niliwaandikia juu ya vijana wanaoacha shule, na juu ya kusubiri. Leo nataka kuuliza swali moja ambalo limenikalia kichwani tangu mvua za mwaka jana: mtu anayesimulia hadithi ya kutisha ana deni kwa nani? Siulizi kwa kupenda kubishana. Nauliza kwa sababu nilisimulia moja mimi mwenyewe, na bibi mmoja ambaye hakuwemo akapigwa mawe.

Nianze na mchezo wenyewe, maana wazazi wengi wamesikia habari zake nusunusu.

Nina binamu anayeishi Texas. Familia yao ilikuwa miongoni mwa wale wakimbizi wa 1972 waliochukuliwa kutoka makambi ya Tanzania kupelekwa Marekani. Huko alipata marafiki wanaocheza mchezo unaoitwa Deadlands. Ni mchezo wa kukaa mezani na kusimulia. Mmoja anakuwa msimulizi, na kila mwingine anajitwalia mtu mmoja ndani ya hadithi: huyu mwindaji, huyu mganga, huyu mwizi. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, ni usiku, mnasikia kitu majini. Mnafanya nini?" Kila mtu anajibu, na pale ambapo haijulikani kama atafaulu, anarusha dadu. Hakuna anayeshinda wenzake. Mnaisukuma hadithi pamoja mpaka iishe.

Deadlands ilitungwa na Mmarekani anayeitwa Shane Hensley na ikatoka mwaka 1996. Nchi yake ni ile ya sinema za kauboi: farasi, bastola, migodi, mji wa mbao katikati ya nyika. Tofauti ni kwamba wafu wanaamka na mazimwi yako kila bonde. Kuna kanuni moja ambayo binamu yangu alinieleza kwa simu na sikuisahau. Katika mchezo ule kila eneo lina kiwango chake cha hofu. Watu wakizidi kuogopa, uovu unanenepa. Na mkishamuua zimwi, kazi haijaisha. Lazima mwende mjini muwasimulie watu jinsi mlivyomshinda, ndipo hofu inashuka. Yaani maneno yenyewe yana nguvu ya kupandisha na kushusha. Niliposikia hivyo nilisema, huu ni mchezo wa kwetu.

Tulijaribu kwanza kuucheza kama ulivyo. Haukuenda. Vijana wetu hawajui jangwa. Mmoja aliuliza sherifu ni nini, mwenzake akamjibu, "Ni kama mwenyekiti wa zoni, ila ana bastola." Tulicheka mpaka tukashindwa kuendelea. Wiki iliyofuata nikaamua kuuhamisha mchezo wote na kuuleta ziwani, kwenye pwani yetu ya Tanganyika, katika milima ya Bugarama na Rumonge. Vizibo vya soda vikawa zile sarafu za bahati, na dadu tukachukua za ludo.

Mimi nilizaliwa Mtabila, kwa hiyo Bugarama niliijua kwanza kwa mdomo wa nyogokuru. Alikuwa ananiambia, kwetu mlima unashuka mpaka unalowa miguu. Kambi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa 2012 tulipandishwa malori, na nikiwa na miaka 13 nikaiona. Ni kweli. Mihogo imeng'ang'ania mteremko, chini kuna michikichi, chini zaidi ile barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, halafu maji. Usiku wavuvi wa ndagala wakiwasha taa, unaona mstari wa mianga ziwani na ng'ambo yake giza la Kongo. Nilikaa pale miaka miwili na nusu. Mwaka 2015 tukaondoka tena, tukafika Kagunga na maelfu ya wengine, tukapanda Liemba hadi Kigoma.

Kama unatafuta nchi ya mpakani yenye visa vya kutisha, pwani ile inazo za kutosha. Hiyo Liemba yenyewe ilikuwa meli ya vita ya Wajerumani. Waliizamisha wenyewe mwaka 1916 wasiiache mikononi mwa adui, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini 1927. Meli iliyokaa chini ya maji miaka minane ikafufuka, na sisi tukasafiri juu yake! Pale Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, kuna jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 1871. Kabla yao na baada yao walipita wafanyabiashara wa Ujiji wenye bunduki, pembe na watu waliofungwa kamba. Kila kundi lilifika likidhani nchi inaanzia pale lilipotua.

Hadithi ya kwanza niliyoichagua ilikuwa ya mamba. Nyogokuru alikuwa akisema mamba wako aina mbili. Kuna mamba wa Mungu, huyo anakula kwa njaa kama mnyama yeyote. Na kuna mambamutu, huyo anakuja kwa ajili ya mtu mmoja tu, anampita mwenye mafuta na kumchukua mwembamba, kwa sababu ametumwa. Alikuwa na kisa cha mtu aliyeshuka ziwani jioni kuosha miguu. Wenzake walimwona mamba akitokea, na kwenye mguu wa mbele wa yule mamba kulikuwa na bangili ya shaba. Basi. Yule mtu hakuonekana tena. Sisi watoto tulikuwa tunauliza kila mara, "Nani alimtuma?" Nyogokuru alikuwa anajibu, "Ziwa linajua," halafu anaendelea kumenya maharage.

Vijana wote walikuwa na mamba wao. Wa Uvira walimleta Gustave, yule mamba mkubwa wa Rusizi ambaye Mfaransa Patrice Faye alijaribu kumkamata kwa kizimba, akashindwa. Mnajua Wamarekani walitoa sinema juu yake mwaka 2007, Primeval, na waliipigia Afrika Kusini. Vijana walikuwa wameiona kwenye simu na walikuwa na hasira nayo. Walisema Warundi mle ndani wako kwa ajili ya kuliwa tu. Mimi nikajisifu moyoni: sisi tutaisimulia vizuri zaidi, kwa sababu ni yetu.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Mchezo wa aina hii unadai adui. Vijana wanataka kufuata nyayo, kukusanya ushahidi, mwisho wamkamate mtu. Kisa cha nyogokuru hakikuwa na mtu wa kukamatwa. Niliona ni pengo, nikaliziba. Nikaweka bibi mzee anayekaa peke yake, hana mtoto, anauza ndagala, anaongea na nafsi yake akitembea. Bangili ya shaba ilikuwa yake. Tulicheza Jumamosi tatu. Siku ya mwisho, walipogundua kwamba yule bibi anashuka ziwani usiku na kuingia majini bila kutoa sauti, chumba kizima kilipiga kelele. Wadogo zao walikuwa wamejazana dirishani. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyefaulu mtihani.

Katika klasta ya jirani kuna bibi anayeuza ndagala. Anakaa peke yake. Anaongea na nafsi yake akitembea.

Sikumfikiria yeye nilipokuwa natunga, na hilo ni kweli. Lakini yule bibi wa mchezo nilimtoa wapi? Macho yangu yalikuwa yamemwona kila siku njiani, na nilipohitaji sura ya kumvisha mwovu, mkono ulienda ukachukua iliyo karibu na isiyo na mtetezi. Sikuchukua sura ya mwenyekiti wa zoni. Sikuchukua sura ya mwenye duka.

Watoto walianza kumwita Mama Mamba. Kwanza kwa kucheka. Halafu mtoto mmoja wa klasta ile akaumwa malaria kali, na mtu mzima, siyo mtoto, akasema maneno fulani bombani. Jioni ya siku ile mawe yalirushwa. Moja lilimpata juu ya sikio. Sungusungu walifika haraka na hakuuawa. Naandika neno hilo makusudi. Sisi tunaoishi Tanzania tumesikia habari za kule Usukumani, vibibi wanaouawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa jikoni wa miaka sitini. Kati ya jina la utani na panga huwa kuna hatua chache sana.

Mzee wa sungusungu alikuja kituoni. Hakunigombeza. Aliniambia, "Binti yangu, watoto wanasema haya wamefundishwa hapa."

Nikajibu, "Mzee, ule ni mchezo tu."

Akaniuliza, "Yule bibi naye alikuwa anacheza?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina bora kuliko kunyamaza. Nimeligeuzageuza swali lake. Mchezo ni mchezo kwa wale waliokubali kuingia. Wachezaji wangu walikuwa wamekubali: waliketi, walirusha dadu, walijua lini tunaanza na lini tunaacha. Yeye tulimwingiza bila kumuuliza, na kwake hakukuwa na mtu wa kusema "tuishie hapa kwa leo."

Baada ya hapo wazazi wengine walitaka mchezo ufutwe kabisa. Hoja yao ni nzito na siwezi kuiruka. Mama mmoja alisema, "Hawa watoto wameona mambo ya kutosha. Unawaongezea hofu ya nini?" Nilitaka kukubali. Ingekuwa rahisi. Lakini nilikumbuka msichana mmoja wa Makamba ambaye miezi mingi alikuwa hasemi kitu kituoni, na mezani alianza kusema. Nilimuuliza kwa nini anapenda hadithi za kutisha. Alisema, "Kwa sababu hii hofu ina mlango. Wewe dada ukifunga daftari, inaisha." Mimi si daktari wa mambo hayo na sitaki kujifanya. Ninachokijua ni kwamba watu wa ziwani wamekuwa wakiwatisha watoto wao jioni tangu zamani, na si kwa ukatili. Mwanzo wa vitendawili kule kwetu mtu anasema "Sokwe!" na wengine wanaitika "Niruze!" Kuitika ni kukubali. Ukishaitika, umeingia pamoja na wenzako, na mtatoka pamoja.

Kwa hiyo hofu yenyewe sikuona kuwa ni kosa. Kosa liko wapi basi?

Nilimpigia nyogokuru. Yuko Bugarama bado, hakuondoka nasi 2015, alisema miguu yake imeshakimbia vya kutosha. Nilimweleza yote, hata jiwe. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu nikamuuliza kwa nini hakuwahi kutuambia nani alimtuma mamba. Alisema, "Ningekupa jina, ungelala unamwogopa jirani. Mimi nilitaka uogope maji."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Maji ya pale kwetu yana mamba kweli. Mtoto anayeshuka peke yake jioni anaweza kuchukuliwa kweli. Kisa cha bangili kilikuwa na kazi, na kazi yake ilikuwa kutuweka mbali na ukingo giza linapoingia. Aliacha nafasi ya mtumaji wazi makusudi, kwa sababu aliishi kwenye mlima ambako jirani amewahi kufundishwa kumwogopa jirani, na aliona matokeo yake zaidi ya mara moja. Mimi nilifika na elimu yangu ya sekondari nikasema hadithi ina pengo. Lile pengo ndilo lilikuwa limewalinda watu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona ugonjwa mkubwa wa hadithi za mpakani, za Marekani na za kwetu. Sinema za kauboi za zamani zilimpa Mhindi Mwekundu kazi ile ile niliyompa yule bibi. Watu walikuwa wamenyang'anywa nchi, halafu hadithi ikageuza mambo, ikasema wao ndio wanaotokea gizani. Hata Deadlands ina aibu yake. Katika toleo la kwanza, historia iligeuzwa ili ile nchi ya Kusini, iliyopigana vita kutetea utumwa, iendelee kuwepo kama dola, eti utumwa umekwisha na watu wanaishi bila tatizo. Wachezaji wengi walilalamika. Baada ya miaka zaidi ya 20 Hensley mwenyewe akaibadili: katika toleo jipya ile dola imeshindwa na haipo tena. Binamu yangu anasema kuna waliokasirika, wakadai hadithi imeharibiwa. Mimi nilipata nguvu. Kama mwenye hadithi anaweza kurudi baada ya miaka ishirini akasema hapa nilikosea, na mimi naweza kurudi baada ya wiki sita.

Nikatafuta hadithi nyingine. Wa kwanza kunijia alikuwa Rumaliza. Jina lake halisi ni Muhammad bin Khalfan, mfanyabiashara wa Ujiji ambaye miaka ya 1880 alitawala sehemu kubwa ya ziwa kwa bunduki, na majeshi yake yalipambana na ya mwami Mwezi Gisabo yakashindwa kuiteka nchi. Jina la Rumaliza linasema alikuwa anamaliza. Ni zimwi tayari, halihitaji kupakwa rangi! Lakini mezani pangu kuna kijana Mwislamu wa mjini Rumonge, wa familia ya Waswahili wa pale. Nilipotaja Rumaliza hakusema kitu, alianza tu kupanga vizibo vyake kwa mstari. Nimesikia Burundi neno "Mswahili" likitumiwa kama tusi, maana yake mdanganyifu, mtu asiye na kwao. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Rumaliza alifanya mabaya na hayo yasemwe. Lakini kanzu ya Rumaliza ingemkuta kijana huyu amekaa pale, na wenzake wangeanza kumtazama yeye badala ya kutazama biashara ya watumwa. Nikamweka Rumaliza pembeni.

Mwishowe tulicheza Rumonge ya mwaka 1881.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mapadri Weupe walifungua misheni Rumonge mwaka 1879. Walikuwa wakikomboa watoto watumwa, maana yake waliwanunua kwa bidhaa, kisha wakawalea misheni. Mwaka 1881 ulizuka ugomvi na Wabikari, watu waliokuwa jirani zao, juu ya mtoto mmoja wa hao waliokombolewa. Tarehe 4 Mei yalitokea mapigano, na Deniaud, Augier na mwenzao D'Hoop wakauawa. Misheni ikafungwa. Ukiisimulia upande mmoja, ni hadithi ya mashahidi wa dini na washenzi. Ukiisimulia upande wa pili, ni wenyeji na wavamizi. Zote mbili ni sinema za kauboi.

Niliwagawa vijana. Wengine walikaa misheni, wengine upande wa Bikari, wengine wakawa wapagazi wa msafara wa Ujiji uliopiga kambi pale. Kila mmoja nilimpa kitu anachokitaka na kitu anachokiogopa. Zimwi sikumpa mtu yeyote kuwa. Nilitumia kitambaa. Mnajua zamani kitambaa cha fedha kwenye misafara kiliitwa merikani, kwa sababu kilitoka Marekani, na kabla ya vita vyao vya 1861 pamba yake ilikuwa imevunwa na watumwa wa kule. Kitambaa kilichotoka kwa watumwa wa huko kinakuja kununua watu wa huku. Kwa hiyo katika mchezo wetu, kila usiku, kila nyumba, watu walikuwa wanasikia mtu anapima kitambaa gizani. Dhiraa moja. Dhiraa mbili. Dhiraa tatu. Kila nyumba iliamini sauti inatoka nyumba ya pili. Kila aliyefanya hesabu ya mtu, hata kwa nia njema, asubuhi alikuta kitambaa kimeongezeka mlangoni pake. Sijawahi kuona chumba kimya vile.

Siyo wote walifurahi. Kijana mmoja alinikasirikia, "Sasa tunampiga nani?" Nilimwambia hakuna wa kupigwa. Alisema basi huu siyo mchezo, ni somo, na Jumamosi iliyofuata hakuja. Nakubali ana hoja. Adui mwenye uso ni mtamu, ndiyo maana tunamrudia. Anatupa mahali pa kutupa jiwe.

Na bado nilikuwa nimekosea tena, mara hii kwa kusahau. Kuna mvulana wa Fizi, wa miaka 13 hivi, aliyefika kambini bila mzazi. Alikuwa ametulia muda wote. Katikati ya mabishano aliinua mkono.

"Dada, ule mutoto, nani anamucheza?"

Nilikuwa sijampa mtu. Katika maandishi niliyosoma, mapadri wana majina, mtoto hana. Kwangu pia alikuwa ni sababu ya ugomvi tu, kama vile ng'ombe au shamba. Nikamwambia hakuna anayemcheza.

"Basi ni miye."

Akavuta kiti chake akakiweka katikati. Kwa saa nzima wenzake walibishana juu yake, huku wakimkwepa macho. Misheni walisema, tumemlipia. Bikari walisema, yuko kwetu. Msafara walisema, mkishindwana sisi tunanunua. Yeye kila akipewa zamu alisema jambo moja: "Munijue jina." Hakuna aliyeuliza. Walidhani anatania. Zamu yake ya mwisho alirusha dadu akapata sita, akasema ametoka nyuma ya nyumba usiku na hakuna aliyemwona. Nilimuuliza anaelekea wapi. Akasema, "Naenda mulimani, kwa nyogokuru wako, kule Bugarama." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Basi asubuhi wale wengine wakapigana, kama ilivyoandikwa, wakauana mbele ya nyumba ambayo haikuwa na mtu ndani.

Sikusema lolote la kufunga siku ile. Nilifunga daftari tu.

Tangu hapo tuna makubaliano mezani, tuliyoyapanga pamoja na vijana. Tunatisha, bado tunatisha sana. Lakini kabla hatujaanza tunaulizana: kuna mtu wa hapa kambini anayeweza kufanana na huyu mwovu? Yupo? Basi tunambadili. Tunamtafuta pia asiye na jina ndani ya hadithi, na tunahakikisha ana kiti. Na kama ile kanuni ya Deadlands, hadithi ikiisha wachezaji wanatoka nje kuwasimulia wadogo waliokuwa dirishani jinsi ilivyokwisha, ili hofu isitembee peke yake mitaani. Hayo ni makubaliano ya vijana kumi na wanne na dada mmoja. Sidai kwamba yanatosha.

Kuhusu bibi. Nilikwenda kwake na mzee wa sungusungu, nikaomba msamaha mbele ya klasta, nikasema kwa sauti kwamba yule mwenye mamba nilimtunga mimi na kwamba nilikosea. Watoto sasa hawamwiti lile jina nikiwapo. Nilimwambia pia, kama anapenda, aje kituoni atusimulie hadithi yake mwenyewe, kwa namna anayotaka isimuliwe. Nilidhani ni wazo zuri. Alinitazama akasema, "Na hiyo nayo mnaitaka?"

Hajaja, na sitamwomba tena. Ndagala nanunua kwake. Ananipimia vizuri, ananirudishia chenji yangu, hanitazami usoni. Hiyo ni haki yake.

Kwa wasomaji wa jarida hili mnaotoka pwani ile, Minago, Rumonge, Nyanza-Lac, Baraka, Uvira: niandikieni hadithi za mamba mlizosimuliwa na wazee wenu. Lakini nawaomba kitu kimoja. Kama mzee wako alikuachia kisa bila kukutajia aliyemtuma mamba, nami niletee hivyo hivyo. Usinizibie.